Macho ya Kuazima: Lugha ya Picha Katika Hadithi ya Mwanariadha Asiyeona

Hapa Simiyu pamba huitwa dhahabu nyeupe. Hakuna mkulima wa Bariadi, Maswa au Meatu anayedhani kwamba akifikisha mzigo wake kwenye mizani atapewa madini. Wote tunajua kuwa hiyo ni lugha ya picha. Msemaji amechukua thamani ya dhahabu na kuivika pamba. Lakini picha hiyohiyo ina mambo inayoyaficha. Haisemi habari ya palizi, haisemi habari ya wadudu, wala haisemi habari ya bei inaposhuka.

Kila lugha ya picha iko hivyo. Inaonyesha upande mmoja wa jambo na kuuficha mwingine. Pamba haidhuriki kwa kuitwa dhahabu. Binadamu anaweza kudhurika kwa jina au mfano anaopewa, na hasa mtu mwenye ulemavu, kwa sababu habari zake husimuliwa mara nyingi na watu wengine.

Makala hii inaeleza tamathali za semi, yaani njia mbalimbali za kusema jambo kwa picha, kwa kutumia hadithi moja ya kweli ya mwanariadha asiyeona. Itamfaa mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Itamfaa pia mzazi, mwalimu au mtangazaji anayetaka kujua kwa nini sentensi moja tamu inaweza kumwinua mtoto wa jirani, na nyingine tamu vilevile ikamfungia ndani.

Hadithi yenyewe

Tumeisimulia hapa kwa ufupi, na kwa makusudi tumeijaza lugha ya picha. Isome yote kwanza, kisha tutaifungua kipande kwa kipande.

Henry Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, nchini Kenya. Tangu ujana alikuwa na miguu ya swala. Mwaka 1995 kiharusi kilimjia usiku kama mwizi, kikaondoka na sehemu kubwa sana ya uwezo wake wa kuona. Asubuhi dunia ikamfungia mlango. Baadaye alirudi kwenye mbio akiwa ameshika kamba fupi, na upande wa pili wa kamba hiyo alikuwapo mtu aliyekuwa macho yake. Mwaka 2000 walifika Sydney, Australia, kwenye Paralimpiki, ambayo ni michezo mikubwa ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu. Katika mbio za mita 5,000 Wanyoike aliwaacha wenzake mbali kama vumbi la barabarani. Lakini mwongozaji wake alikuwa mgonjwa, na mstari wa kumalizia ulipokaribia, miguu ya mwongozaji iligoma. Basi aliyeongozwa akamwongoza kiongozi. Wanyoike alimkokota mwenzake hadi mwisho, akapata medali ya dhahabu. Miaka minne baadaye, huko Athens, Ugiriki, alishinda dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Mwaka 2008 huko Beijing, China, akaongeza shaba. Giza lilikuwa limeshindwa. Ulemavu ulikuwa umeshindwa. Ulikuwa muujiza.

Matukio ya hadithi hii ni ya kweli. Picha zilizotumika kuyasimulia si zote za kweli kwa kiwango kimoja. Tuzipime.

Tashbiha: kiharusi kama mwizi

Tashbiha hulinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile "kama", "mithili ya", "sawa na" au "utadhani". Tumesema kiharusi kilimjia usiku kama mwizi. Ulinganisho huu una faida. Msikilizaji anaelewa mara moja kwamba jambo lilikuja ghafla, bila taarifa, na mwenye nyumba akaamka akiwa amepungukiwa.

Lakini mwizi ni mtu. Mwizi ana jina, ana nia, na huenda ametumwa. Ukisema ugonjwa umekuja kama mwizi, msikilizaji anaweza kuuliza: nani amemtuma? Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa swali hilo si la mchezo. Wako wazee, hasa kina mama wenye macho mekundu, waliouawa kwa sababu mtu aliugua na jamaa wakatafuta wa kulaumiwa. Macho yale mara nyingi yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka mingi.

Kwa hiyo ukitumia tashbiha hii, ifuatishie sentensi ya wazi. Kiharusi ni ugonjwa. Hutokea pale damu inaposhindwa kufika kwenye sehemu ya ubongo, kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Shinikizo la juu la damu ni miongoni mwa sababu zake kubwa, na shinikizo hilo hupimwa kwa kifaa kinachofungwa mkononi, kwa dakika chache. Tashbiha imevuta sikio, na sasa sentensi ya wazi imezuia sikio lisipotee njia.

Sitiari: miguu ya swala na macho yake

Sitiari hulinganisha pia, lakini bila neno "kama". Husema kitu hiki ni kile. Tumesema Wanyoike alikuwa na miguu ya swala. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa hawahitaji kuelezwa swala anavyokimbia. Picha inafika haraka.

Angalia picha hiyo inavyosaidia hadithi. Inataja miguu. Kiharusi kilichukua uwezo wa kuona, hakikuchukua miguu. Msimulizi mzuri hukumbuka alichokisema mwanzo. Swala huyo hakufa mwaka 1995. Alikuwa amebaki bila njia ya kujua kona iko wapi.

Ndipo inakuja sitiari ya pili, ambayo ni bora kuliko zote katika hadithi hii: mwongozaji alikuwa macho yake. Ili kujua kama sitiari ni ya kweli, ilinganishe na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Katika kundi la wanariadha wasioona kabisa au wanaoona kidogo mno, mkimbiaji huunganishwa na mwongozaji kwa kamba fupi inayoshikwa au kufungwa mkononi. Mkimbiaji hufunikwa macho ili wote wawe sawa, maana wapo wanaoona mwanga kidogo na wapo wasioona chochote. Mwongozaji humwambia kona inapoanza, nani yuko mbele, na imebaki mizunguko mingapi. Haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mkimbiaji wake. Na wanapofika mwisho, mkimbiaji lazima avuke mstari kabla ya mwongozaji.

Sasa rudi kwenye sitiari. Mwongozaji ni macho, na macho hayakimbii kwa niaba ya mtu. Macho hutoa habari, na mwenye miguu ndiye anayefanya kazi. Sitiari na sheria ya mchezo zinasema jambo moja. Kama tungesema mwongozaji alikuwa "fimbo yake" au "mkombozi wake", picha ingekuwa ya uongo, kwa sababu ingemfanya mkimbiaji kuwa mzigo unaobebwa.

Tunaweza kuiboresha zaidi kwa kusema "macho ya kuazima". Kitu cha kuazima kina mwenyewe, nacho kinaweza kuhitajika nyumbani siku hiyohiyo unayokihitaji wewe. Hicho ndicho kilichotokea Sydney.

Kinaya: aliyeongozwa akamwongoza kiongozi

Kinaya ni hali ya mambo kuwa kinyume na matarajio. Watu wengi hutarajia kwamba kati ya mtu anayeona na asiyeona, anayehitaji msaada ni asiyeona. Mita chache kabla ya mstari wa Sydney matarajio hayo yaligeuka. Mwenye macho mazima alikuwa ameishiwa nguvu. Asiyeona ndiye aliyekuwa na nguvu za wawili.

Msimulizi hakuongeza chumvi hapo. Kinaya kilikuwamo ndani ya tukio lenyewe, na kazi yake ilikuwa kutokukiharibu kwa maneno mengi. Sentensi moja inatosha: aliyeongozwa akamwongoza kiongozi. Hapa pia pana takriri, yaani kurudia neno au mzizi wa neno ili sikio likamate maana. Mzizi "ongoz" umetokea mara tatu, kila mara mahali tofauti, kama watu watatu wanaopokezana mzigo.

Kinaya hiki kinatufundisha jambo ambalo hotuba ndefu haliwezi kulifundisha. Kusaidiana si njia ya upande mmoja. Mtoto asiyesikia anaweza kuwa ndiye anayechunga ng'ombe wa nyumba nzima. Mama anayetembea kwa magongo anaweza kuwa ndiye anayelipa ada ya wadogo zake kwa cherehani.

Tashihisi: dunia ikamfungia mlango

Tashihisi hukipa kitu kisicho mtu tabia ya mtu. Dunia haina mkono wa kufunga mlango. Tumesema hivyo ili msikilizaji ahisi uzito wa asubuhi ile.

Lakini jiulize: nani hasa hufunga mlango? Mtoto akipoteza uwezo wa kuona akiwa darasa la nne, dunia haimwondoi shuleni. Watu ndio huamua kwamba asiende. Pengine shule haina mwalimu wa maandishi ya nukta nundu. Pengine njia ni ndefu na hakuna wa kumshika mkono. Pengine baba anaona aibu. Hayo yote yana watu wa kuyajibu.

Tashihisi ya aina hii ni tamu kwa sababu haimuudhi mtu. Inaficha watendaji. Ukiikuta kwenye habari, itafutie mtendaji wake. "Milango ya ajira ilimfungia" maana yake ni nini? Nani alikataa kumwajiri, na kwa maneno gani? Msikilizaji akijua mtendaji, anajua pia pa kwenda kudai.

Giza: sitiari iliyochakaa

"Giza lilikuwa limeshindwa." Sentensi hii inapatikana karibu katika kila habari ya mtu asiyeona. Kiswahili kimejaa picha za namna hiyo. Tunasema elimu ni mwanga, ujinga ni giza, fulani amefumbuliwa macho, fulani amekuwa kipofu wa ukweli. Katika picha hizi kuona ni kujua, na kutoona ni ujinga.

Mtu mzima anayeona huzipita bila kuziwaza. Mtoto asiyeona akiketi kusikiliza redio husikia jambo jingine: kwamba hali yake ni jina la kila kilicho kibaya. Zaidi ya hayo, picha yenyewe mara nyingi si sahihi. Watu wengi wanaoitwa wasioona huona kiasi fulani, kama vile mwanga, kivuli au rangi. Na asiyeona chochote tangu kuzaliwa hakai gizani, kwa sababu giza ni kitu anachokijua anayeona.

Hatusemi kwamba neno giza lifutwe katika lugha. Tunasema kwamba katika hadithi ya mtu asiyeona, liachwe. Wanyoike hakuwa akishindana na giza. Alikuwa akishindana na wanariadha wengine wa mita 5,000, ambao nao walikuwa hawaoni.

Mubalagha: muujiza

Mubalagha, au chuku, ni kutia chumvi. Wasukuma wanasimulia habari za Ng'wanamalundi, ambaye inasemwa alikausha miti kwa kuinyooshea kidole. Hiyo ni chuku inayokaa mahali pake. Ni masimulizi ya mtu mkuu, na msikilizaji anayapokea hivyo.

Kusema kwamba ushindi wa Wanyoike ulikuwa muujiza ni chuku iliyokosa mahali. Muujiza hauna mazoezi. Muujiza hauna kocha, hauna kuamka alfajiri, hauna mwongozaji ambaye naye lazima awe na mbio za kutosha kukimbia ubavuni mwa bingwa. Ukisema muujiza, umemwambia mwalimu wa michezo wa Itilima kwamba hana la kufanya ila kusubiri. Ukisema kamba, kocha na mazoezi, umempa orodha ya vitu vya kutafuta. Kamba inapatikana dukani.

Upande wa rekodi unaonyesha vilevile. Mwezi Aprili 2005 Wanyoike alikimbia marathoni ya London, kisha wiki moja baadaye akakimbia ya Hamburg, Ujerumani, kwa muda bora zaidi. Wanaojua marathoni, ambayo ni zaidi ya kilomita 42, wanajua mwili unavyochakaa baada yake. Ukweli huo hauhitaji chumvi.

"Ameshinda ulemavu"

Hii ndiyo kauli inayosikika zaidi, na ndiyo inayohitaji kupimwa kuliko zote. Ni sitiari ya vita: ulemavu ni adui, mwanariadha ni askari, medali ni ushindi.

Tatizo la kwanza ni ukweli. Baada ya medali zote, Wanyoike alibaki mtu asiyeona. Hakuna kilichoshindwa hapo. Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Kama mwenye medali ameshinda ulemavu, basi asiye na medali ameshindwa nao. Kijana wa Busega aliyepooza miguu, anayeuza vocha chini ya mwembe na kulea watoto wake, anageuka kuwa mtu aliyeshindwa vita ambayo hakuitangaza.

Je, Wanyoike alishinda nini? Aliwashinda wapinzani wake. Alishinda pia kukata tamaa na dhana ya watu kwamba mbio zimekwisha kwa asiyeona. Yataje hayo kwa majina yake. Methali inayofaa zaidi kuliko picha ya vita ni hii: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hapigani na koleo. Anatafuta jingine, au anabuni njia nyingine ya kushika chuma, na kazi inaendelea. Kamba ya Wanyoike ni koleo jipya.

Methali nyingine inayotajwa mara nyingi ni hujafa hujaumbika. Watu huitumia kumwonya anayecheka, kwamba naye anaweza kupata ulemavu kabla hajafa. Ni methali ya kweli, na maisha ya Wanyoike ni mfano wake, kwani alizaliwa anaona. Lakini itumike kumkanya mwenye dharau, isitumike kumtisha mtoto kana kwamba ulemavu ni adhabu.

Majina kabla ya picha

Kabla hatujafika kwenye tashbiha na sitiari, jina tunalomwita mtu tayari ni picha. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Neno "watu" limetangulia, ulemavu umefuata kama kitu ambacho mtu anacho, sawa na kuwa na kazi, na watoto, au na shamba. Kusema "wasiojiweza" ni kinyume chake. Ni hukumu iliyovaa nguo za huruma. Inasema kabla ya kumjua mtu kwamba hawezi.

Wako wanaouliza kuhusu maneno yanayoanza na ki-, kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema. Kiambishi ki- hutumika kwa vitu, kwa mfano kiti na kisu, na mara nyingine hudunisha. Hata hivyo hakidunishi kila mahali, maana tunasema pia kijana, kiongozi na kinyozi kwa heshima. Kinachoonyesha dharau wazi ni upatanisho. Sarufi inataka tusema "kipofu amefika", kwa sababu ni mtu. Anayesema "kipofu kimefika" amemshusha mtu kuwa kitu, na anajua alichofanya. Leo katika habari na shuleni ni salama zaidi kusema asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu wa viungo.

Haya ni tafsida, yaani kutumia neno la staha badala ya neno kali. Tafsida nzuri haifichi jambo. "Asiyeona" inaeleza hali kwa usahihi. Tafsida mbaya ni ile inayofanya jambo lisieleweke, kama kusema mtoto ana "matatizo", bila kusema anahitaji nini.

Pale picha inapoua

Kanda ya Ziwa inajua kwa uchungu kwamba maneno si upepo. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino walishambuliwa na wengine kuuawa katika mikoa yetu. Kabla ya panga kulikuwa na maneno. Waliitwa mizimu. Ilisemwa kwamba hawafi, bali hutoweka. Viungo vyao viliitwa "dili", neno la biashara, kana kwamba mwili wa jirani ni bidhaa.

Hizo zote ni sitiari. Mtu ni mzimu. Mtu ni mali. Zilipozoeleka masikioni, zilimrahisishia muuaji kazi, kwa sababu aliyekuwa mbele yake alikuwa ameshaondolewa ubinadamu na lugha. Ualbino ni hali ya kurithi kutoka kwa wazazi, ambapo mwili hautengenezi kiasi cha kutosha cha kinachoipa ngozi, nywele na macho rangi yake. Mwenye ualbino anahitaji kinga dhidi ya jua, na mara nyingi msaada wa kuona. Anazaliwa, anaishi, anakufa kama sisi sote. Dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino tarehe 13 Juni kila mwaka.

Tunayataja haya katika makala ya fasihi kwa sababu kanuni ni ileile. Picha humfanya mtu kuwa karibu nasi au kuwa mbali nasi. "Macho ya kuazima" ilimleta Wanyoike karibu. "Mzimu" ilimpeleka jirani mbali mpaka asionekane tena kuwa jirani.

Tembo kwa magongo

Mfano mzuri wa sitiari iliyochaguliwa kwa heshima uko hapahapa nchini. Timu ya taifa ya mpira wa miguu ya watu wenye ulemavu inaitwa Tembo Warriors. Wachezaji wa ndani wana mguu mmoja na hukimbia kwa magongo mawili. Golikipa ana mkono mmoja. Kila timu ina wachezaji saba uwanjani, na gongo haliruhusiwi kuuchezea mpira kwa makusudi. Mwaka 2022 timu hii ilicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki na kufika robo fainali.

Jina lao halitaji mguu uliokosekana, halitaji huruma, halitaji muujiza. Linawaita tembo, kama vile timu za vijana na wanawake zinavyoitwa Serengeti Boys na Twiga Stars. Mkulima wa Meatu ambaye tembo amewahi kuingia shambani mwake usiku anaelewa ujumbe vizuri sana: hawa si watu wa kuonewa huruma, ni watu wa kujihadhari nao.

Wakati wa kuacha picha

Kuna wakati sentensi isiyo na picha yoyote inashinda zote. Mwaka 1968 Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki huko Mexico. Aliendelea na mguu ukiwa umefungwa bandeji, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma mbali hivyo ili aanze mbio, ilimtuma amalize.

Jibu hilo halina swala, simba wala giza. Lina maneno mawili tu yanayokinzana, kuanza na kumaliza, na dunia inalikumbuka mpaka leo. Ukikosa picha sahihi, sema tukio lenyewe.

Jinsi ya kupima picha

Kwa mwanafunzi, kutaja jina la tamathali ni nusu ya jibu. Eleza pia inalinganisha nini na nini, inamfanya msikilizaji ahisi nini, na kama inalingana na ukweli wa hadithi. Kwa mzazi, mtangazaji na kiongozi wa kijiji, maswali matatu yanatosha.

La kwanza: je, mtu amebaki mtu, au amegeuzwa kitu, mzigo au mzimu? La pili: je, picha inaonyesha kazi iliyofanyika na aliyeifanya, au inaificha? La tatu: je, mtoto mwenye ulemavu kama huo akisikia, ataona nafasi yake ndani ya hadithi?

Tukitumia maswali hayo, mwisho wa hadithi yetu unabadilika. Badala ya "Giza lilikuwa limeshindwa, ulemavu ulikuwa umeshindwa, ulikuwa muujiza," tungeandika hivi: "Wanyoike alivuka mstari wa kwanza. Mwenzake alifuata nyuma yake, akiwa ameshikiliwa na mtu ambaye alikuja kumwongoza. Kati yao ilikuwapo kamba ileile fupi, na siku hiyo ilivuta upande wa pili."

Maneno ya kukumbuka

Tashbiha: kulinganisha kwa "kama" au "mithili ya". Kiharusi kama mwizi.

Sitiari: kulinganisha bila "kama". Mwongozaji ni macho yake.

Tashihisi: kukipa kitu tabia ya mtu. Dunia ikafunga mlango.

Mubalagha au chuku: kutia chumvi. Ulikuwa muujiza.

Takriri: kurudia kwa makusudi. Aliyeongozwa akamwongoza kiongozi.

Kinaya: mambo kuwa kinyume na matarajio. Asiyeona kumkokota anayeona.

Tafsida: neno la staha. Asiyeona, asiyesikia.

Methali: kauli fupi ya hekima ya jamii. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.